Mkate wa Baba Kwenye Msumari

Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana na mwenzangu wa ofisini, Mkenya anayekaa Randburg, Johannesburg. Mama yake alikuwa amekuja kumtembelea kutoka Mombasa, na akapika pilau. Sufuria ilipofunuliwa, mvuke wa bizari nyembamba ulinipiga usoni, nami bila kufikiri nikauliza karoti ziko wapi. Meza nzima iligeuka kunitazama. Yule mama, mtu mpole, akaniambia kwamba karoti ni za kachumbari, na kama kwetu tunazitia kwenye pilau basi tumwachie Mungu. Nilicheka pamoja nao, nikala sahani mbili, lakini moyoni nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa Fordsburg, kwenye ua wa nyuma wa mkahawa mmoja, mtoto wa miaka kumi, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na mbele yangu rundo la karoti linalonifika magotini.

Aliyenipa karoti hizo nilimwita Opa. Nilidhani ndilo jina lake. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba kwao Uzbekistan "opa" ni dada mkubwa, na kwamba jina alilopewa na wazazi wake ni Zulfiya. Alikuja Johannesburg peke yake, kwa mkataba wa kupika kwenye mkahawa huo. Alikuwa na meno mawili ya dhahabu, kitambaa kilichofungwa nyuma ya shingo, na mikono isiyokuwa na unywele hata mmoja kwa sababu tanuri lilikuwa limeichoma yote. Mkahawa wenyewe siku hizi ni duka la simu, na Opa alisharudi kwao.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Mwenye mkahawa alimpangisha stoo iliyokuwa nyuma ya jiko, na humo aliweka cherehani zake mbili, akawa anashona abaya, sare za shule, na chochote ambacho watu wa Fordsburg walitaka kuvaa. Shule ikiisha nilishinda pale hadi saa ya kurudi Bellevue, ambako tulipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa ikawa na vyumba vingi kuliko madirisha. Opa aliokota Kiswahili chake kwa Mama, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwetu Kongo, na yule mama wa Mombasa angekisikia angeshika kichwa. Mimi nilielewa kila kitu lakini nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa jengo letu, na Mama alikuwa ameshachoka kunigombeza.

Mkate wa Opa sijaona mwingine mfano wake. Tanuri alilijenga mwenyewe ndani ya pipa, kwa udongo aliouchanganya na manyoya ya kondoo. Donge la unga alilitandaza likawa duara, pembeni nene, katikati jembamba, akaligonga katikati kwa kigongo chenye misumari midogo ili lisifure, akanyunyiza ufuta, kisha akainama juu ya moto na kulibandika kwenye ukuta wa ndani wa tanuri. Nilikuwa nasimama pale nikisubiri mkate uanguke motoni. Haukuanguka hata siku moja, na nadhani jambo hilo lilinivunja moyo kidogo.

Mkate huo ulikuwa na sheria nyingi kuliko shule yangu. Haukatwi kwa kisu, unamegwa kwa mikono. Kipande kikianguka kinaokotwa, kinabusiwa, kinawekwa mahali pa juu ndege wale. Tena haulazwi kifudifudi. Siku ya kwanza nilipoulaza hivyo mezani, Opa aliugeuza kama mtu anayemgeuza mtoto mchanga aliyelala vibaya.

Chai ndiyo iliyomkera Mama. Opa alimimina chai ya kijani kwenye vibakuli vidogo visivyo na mkono, na kila akimpa Mama, kibakuli hakikufika hata nusu. Mama alikunywa, akashukuru, na tukirudi stooni akanung'unika kwamba huyu mwanamke anagawa mkate mzima bure lakini chai anaibania. Mimi nilimuuliza Opa. Akacheka hadi dhahabu zote mbili zikaonekana, akanieleza kwamba mgeni unayempenda unammiminia chai kidogo, ili iishe upesi, umwongeze, aongee, akae. Anayejaziwa mpaka ukingoni anaambiwa kwa adabu: kunywa, uende zako. Mama sikumwambia. Nilipenda kuwa na jambo moja ambalo nalijua mimi tu.

Na Alhamisi ilikuwa siku ya osh, ambayo ni pilau yao. Opa aliyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, akakaanga nyama na vitunguu, akatia karoti zangu, ambazo zilipaswa kukatwa vijiti vyembamba kwa kisu na si kukwaruzwa, na vichwa vya vitunguu saumu vizima bila kuvimenya. Mchele ulikuja juu, na hapo hakuna tena kukoroga. Ikiiva, ilipakuliwa kwenye sinia moja, nasi tulikaa kulizunguka: Opa, Mama, mimi, na Baba kama zamu yake ilimruhusu. Baba alikuwa mlinzi kwenye jengo moja la maghorofa huko Randburg. Alikuwa mtu wa mzaha na mdomo mkubwa, kwa maana zote mbili, na Opa alimpenda kwa sababu hakuacha hata punje.

Kisha habari zikaja kwamba babu yangu amefariki Lubumbashi. Baba alikuwa mwanawe wa kwanza, na bila yeye maziko hayasogei. Siku ya safari alipita Fordsburg na begi lake kutuaga kabla ya kwenda kupanda basi. Opa alitoka jikoni ameshika mkate wa moto kwa mikono miwili, akamwambia aume. Baba akauliza kama hakuna nyama ya kusindikizia. Opa hakucheka. Basi Baba akafungua ule mdomo wake, akauma pande kubwa, akatafuna huku machozi yakimtoka kwa moto. Mkate uliobaki Opa aliufunga kwenye kipande cha kitambaa chepesi alichokiomba kwa Mama, akautundika kwenye msumari juu ya mlango wa jiko.

Alitueleza kwamba kwao kila anayekwenda mbali huuma mkate, na uliobaki humngoja. Vijana wanaokwenda jeshini, wanaume wanaokwenda Urusi kutafuta kazi, wote wameacha mikate ukutani kwa mama zao. Akirudi mwenyewe, huteremshiwa na kuumaliza. Mwingine haugusi. Mama alitabasamu kwa adabu, lakini nilimwona anautazama ule msumari kwa muda mrefu. Mimi nilimuuliza Opa mkate ule ni wa nini hasa, naye akainama akaniambia: "Sasa huyu njo baba yako, mpaka atarudia."

Nilimwamini neno kwa neno. Mtoto akiambiwa na mtu mzima kwamba mkate ni baba yake, atafanyaje?

Baba alipiga simu mara moja, baada ya maziko. Mambo yalikwenda vizuri, alisema, ila joto ni kali na maji ya bomba yamekatika tangu Jumatatu, watu wanahangaika na ndoo. Baada ya hapo, kimya. Wiki ya kwanza Mama alisema ni mtandao. Wiki ya pili aliacha kusema. Namba ya Baba haikupatikana, za baba zangu wadogo ziliita bila kupokelewa, na watu wa mabasi aliowauliza hawakumwona. Mama, ambaye hakuwa akikosea hata tundu la kifungo, alishona abaya yenye mikono miwili ya kushoto. Aliifumua, akaanza upya.

Mimi nilikwenda kumwangalia Baba. Nilipanda juu ya ndoo yangu ya karoti, nikaupapasa mkate kupitia kitambaa. Ulikuwa umekauka umekuwa kama ubao, na pembeni umepasuka. Nikaelewa kila kitu. Baba ana kiu. Kule maji yamekatika, na hakuna anayemjali. Mama alikuwa na chupa ya kunyunyizia maji wakati wa kupiga pasi. Tangu siku ile, kila Opa alipokwenda kuswali, niliichukua hiyo chupa, nikapanda ndoo, nikamnywesha Baba kupitia kile kitambaa, kidogo kidogo asipaliwe. Siku ya tatu nilipapasa tena, nikaona amelainika. Nilifurahi sana.

Sasa niseme juu ya Mama Riziki, na nimseme kwa haki, kwa sababu alitupenda. Alikuwa msusi, na kanisani kwetu Bellevue ndiye aliyewaongoza wamama wa maombi. Baba alipoondoka ni yeye aliyetuletea mfuko wa unga wa bukari, ugali wa kwetu, bila kuombwa. Jumapili ya wiki ya tatu alikuja kutusalimia baada ya ibada, tukawa tunakula, naye akamuuliza Mama kama Baba aliacha kitu chake chochote kwa mtu yeyote. Mama akasema hapana. Mimi, na mdomo niliourithi, nikasema kwamba aliacha mkate.

Mama Riziki aliacha kutafuna. Alinihoji mkate gani, nani aliuomba, aliuma upande gani, uko wapi. Kisha akamgeukia Mama. "Mate ya bwana yako iko ku musumari ya muntu mwengine," alisema polepole, "na weye uko unalala?"

Msomaji wa rika langu aliyelelewa na watu wa kwetu hahitaji maelezo. Ukinyolewa unakusanya nywele zako. Kucha huzitupi ovyo. Soda uliyoianza huiachi mezani ukaenda chooni. Kitu kilichopita mdomoni mwako kikiwa mikononi mwa mtu mwingine, ni kama umemwachia ufunguo wa nyumba. Mama alijua hayo kabla hajajua kusoma, na ndiyo sababu aliutazama ule msumari siku ile. Alimtetea Opa, alisema ni mtu mwema, anatulisha kila siku. Mama Riziki akajibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba mkate uletwe Jumamosi, uombewe, uchomwe, na njia ya Baba itafunguka.

Mama alihangaika siku tano. Kumwomba Opa mkate waziwazi ni kumwita mchawi usoni, na hilo hakuliweza. Kuuacha hakuweza pia, maana mume wake yuko wapi? Mwishowe aliniita, bila kunitazama machoni, akanituma mimi. Ijumaa mchana, wanaume walipotoka msikitini na mkahawa ukafurika, nilipanda ndoo kwa mara ya mwisho, nikauchomoa mkate pamoja na kitambaa chake, nikausukuma ndani ya begi la shule kati ya daftari la hesabu na viatu vya michezo. Opa alikuwa amenipa mgongo, anapakua. Sijawahi kujisikia mwizi kama siku ile.

Jumamosi asubuhi, chumbani kwetu, Mama Riziki alikifungua kile kitambaa juu ya sinia. Mkate ulikuwa wa kijani. Ulikuwa na manyoya ya kijivu upande mmoja, na harufu iliyotufanya wote watatu turudi nyuma. Mama Riziki akaanza kuomba kwa sauti. Mama alikaa kitandani, mkono mdomoni, akawa anasema kwamba mwanamke huyu alimlisha mtoto wake kwa mikono ile ile, kwa mikono ile ile. Nilikuwa najua kuvu ni nini, si mtoto mdogo kiasi hicho. Lakini siku ile nilichoona ni kwamba nimemzamisha Baba.

Nilikuwa na mambo mawili ya kuogopa na yote yalikuwa makubwa. Nikinyamaza, Opa ni mchawi, na hatutarudi kwake tena. Nikisema, mimi ndiye niliyemuua Baba. Nililia kwanza. Kisha nikasema, kwa Kiswahili, ambacho mdomoni mwangu kilikuwa kigeni: "Si Opa. Ni miye. Nilikuwa namupa Baba maji."

Hawakuelewa. Ikabidi nieleze yote, ndoo, chupa ya pasi, joto la Lubumbashi, mabomba yaliyokatika, jinsi alivyolainika siku ya tatu. Mama alinitazama wee. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikageuka katikati yake kikawa kilio, kile ambacho alikuwa amekizuia kwa wiki zote tatu. Alinivuta akanikumbatia.

Mama Riziki aliacha hayo yapite. Lakini alikuwa ameshatoa kiberiti, na akasema kwa upole kwamba kuvu ni kuvu, ila mate bado ni mate, heri uchomwe tu. Hapo Mama alifuta uso. Aliuchukua mkate, akabandua upande wote wenye manyoya, akabaki na kipande kama kiganja, kigumu, pale pale Baba alipouma. Akajimiminia chai ya rangi, akakichovya.

"Mate ya bwana yangu minaizoea zamani, Mama Riziki," alisema. "Kama iko sumu, njo ile yenye niliolewa nayo."

Akakila chote. Mama Riziki alikaa akimtazama kama ataanguka. Baada ya muda hakuanguka, na Mama Riziki akaomba naye amiminiwe chai. Nakumbuka tumbo lilimsokota Mama siku mbili na hakumwambia mtu, maana ingesikika kanisa zima.

Jumatatu Mama alikwenda kwa Opa mapema, na mimi nikiwa pembeni yake kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Opa alikuwa ameshaona msumari mtupu. Alikuwa amefagia nyuma ya magunia yote akiutafuta, akidhani panya. Mama alimweleza yote, hata jina la uchawi hakulificha. Kuhusu wizi Opa alipunga mkono tu. Kuhusu maji aliniangalia, na nikaona midomo inapigana na tabasamu. Lakini Mama alipofika pale kwamba aliula yeye, kwa mapenzi, mbele ya kiberiti, akitegemea kwamba hilo litamfurahisha, uso wa Opa ulifungwa. Tulikuwa tumesahau ile sheria. Mwingine haugusi.

"Mimi hapa sina muntu ya kungoja," Opa alisema. "Nilikuwa na ile mukate."

Akachukua birika, akammiminia Mama chai. Akamimina mpaka ukingoni, mpaka ikafurika kidogo mezani. Mama alishika kibakuli kwa mikono miwili, akanywa, akashukuru sana, akaona mambo yamekwisha vizuri. Mimi nilitazama chini. Jioni tukiwa tunarudi, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, tunangoja kuvuka, aliniambia kwa furaha kwamba leo amepewa kibakuli kizima, Opa amesamehe. Ndipo nikamwambia maana yake. Robot iliwaka kijani, ikarudi nyekundu, ikawaka kijani tena, na Mama hakuvuka.

Mkate haukuja tena stooni. Mama alinunua wa dukani, uliokatwa vipande tayari, tukaula. Ukuta kati ya stoo na jiko ulikuwa wa mbao, na kutoka upande wa pili tulimsikia Opa akikanda, akigonga, akikohoa moshi. Karoti alizikata mwenyewe. Alhamisi ya kwanza sinia halikuletwa, na nilishangaa jinsi mtu anavyoweza kuwakosa watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja yuko Kongo na mwingine yuko nyuma ya ubao.

Alhamisi ya pili, mchana, simu ya Mama iliita kwa namba asiyoijua. Ilikuwa Baba. Sauti yake ilikuwa nyembamba sana hata Mama alimuuliza mara mbili yeye ni nani. Alipatwa na homa ya matumbo, alilazwa, simu ilipotea katika kuhamishwa, na ndugu zake waliona heri wasitutie hofu mpaka wajue kama atapona. Mama aliweka sauti kubwa ili nami nisikie. Baba alisema sasa anasimama, lakini miguu haina nguvu, na basi ni siku tatu. Ndugu walimwambia abaki mpaka mvua zipite. Wengine walimwambia abaki kabisa, nyumba ya Babu sasa ni yake, Johannesburg kuna nini? Yeye mwenyewe hakujua. Alisema hivyo, hajui, na mimi sikuwa nimewahi kumsikia Baba akisema hajui.

Kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka ionekane kwamba anauliza kweli. "Kule hospitali nilikuwa nafikiria mukate yangu tu," alisema. "Mukate yangu iko?"

Mama alifunika simu kwa kiganja. Alinitazama. Akainuka, akatoka stooni na simu mkononi, akapita ua, akaingia jikoni ambako hakuwa ameingia kwa siku kumi, akamnyooshea Opa simu. Opa alikuwa na mikono yote miwili ndani ya unga. Baba, asiyejua simu imehamia jikoni, akauliza tena, Opa yuko hapo? Mukate yangu iko?

Opa aliinua macho kwenye msumari. Mwanamke huyu alibusu makombo. Katika miaka yote sikumsikia akisema uongo hata wa bei ya nyama.

"Iko," alisema. "Iko inakungoja. Kuya, urudi."

Simu ilipokatika Mama alilia bila sauti. Opa alifuta mikono kwenye aproni. Alisema tu kwamba basi ni siku tatu za njia, na mkate unahitaji wiki mbili kukauka, kwa hiyo tuanze leo. Alibandika mmoja, akauchomoa mwekundu, akampa Mama auume. Mama aliuma. Opa akaukagua, akatikisa kichwa, mdomo wa mwanamume yule ni mara mbili ya huu. Mama akauma tena akipanua, ufuta ukimshika mashavuni, na mimi nikaelekeza, kushoto zaidi, juu zaidi, mpaka wote wawili wakaishiwa nguvu kwa kucheka na kukaa chini kwenye sakafu ya jiko, wateja wakiita nje. Mkate ulitundikwa, safari hii bila kitambaa. Chupa ya pasi Mama aliifungia kabatini.

Baba alikuja baada ya siku kumi na tisa. Shati lilimpwaya, shingo imekuwa ya mzee, lakini alikuwa yeye. Opa hakumruhusu aguse kitu kingine kwanza. Alimkalisha, akampa chai, akauteremsha mkate, akamwekea mbele yake uso juu.

Lazima niseme kitu hapa ambacho sisi watatu, kwa akili zetu zote, hatukukikumbuka. Mama ana mwanya. Ni mpana, katikati ya meno ya juu, na Baba alikuwa akipenda kusimulia kwamba mwanya huo ndio uliomfanya avuke barabara kule Lubumbashi kwenda kumsalimia msichana asiyemjua. Baba aliugeuza mkate. Pale palipoumwa, katikati kabisa, ulikuwa umesimama ukingo mwembamba ambao meno hayakuugusa. Aliupitisha kidole gumba juu yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Mama alikuwa anachunguza sakafu. Opa alikuwa anakoroga sufuria isiyokuwa na kitu.

"Njo meno yangu kabisa," Baba alisema.

Akauchovya kwenye chai na kuanza kula. Tumbo lake lilikuwa bado bovu na mkate ulikuwa mgumu, ilimchukua karibu saa nzima, na hakuna aliyeondoka. Aliumaliza wote, kisha akalowesha kidole akaokota ufuta uliobaki mezani, mmoja mmoja, huku akimtazama Mama.